Tundra, Soma Hii Kwanza

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa na maswali matatu, na aliyauliza mara nyingi mpaka tukawa tunayasikia hata tukiwa nyumbani. Nani amesema? Amejuaje? Alisema lini? Ukimwambia kwamba huko Bahati mvua imenyesha, atakuuliza nani amesema. Ukimwambia mwenzako hayuko darasani kwa sababu anaumwa, atataka kujua umejuaje. Tulikuwa tukimwiga kwenye foleni ya githeri ya mchana na kucheka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani minene na sauti isiyopanda hata akikasirika, na katika shule yetu ya kutwa mjini Nakuru ndiye mwalimu wa kwanza kutupa kazi ya kutafuta kwenye intaneti.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2007, tunamaliza kidato cha pili. Aliandika neno "biomu" ubaoni, akatueleza kwamba dunia inaweza kugawanywa katika maeneo makubwa kwa kufuata hali ya hewa na mimea na wanyama wanaoishi humo: jangwa, savana, msitu wa mvua, misitu ya baridi ya kaskazini, na tundra, ile nchi ya barafu isiyoota miti. Tungefanya projekti wawili wawili wakati wa likizo. Kitabu cha shule anakijua, alisema, kwa hivyo tusimsomee kitabu cha shule. Alitaka tutafute wenyewe, na kila tulichoandika tuonyeshe tumekitoa wapi.

"Kwa intaneti kuna mtu anaandika kile amesoma miaka mingi, na kuna mwingine anaandika kile ameota," alisema. "Wote wanakaa sawa kwa hiyo skrini. Kazi yenu ni kuwatofautisha."

Mimi niliwekwa pamoja na rafiki yangu. Nyumbani kwao kulikuwa Njoro, ambako babake alilima ngano kidogo na kufuga ng'ombe wa maziwa, lakini wakati wa masomo aliishi kwa dadake mkubwa aliyepanga chumba Kaptembwo, ploti moja kutoka kwetu. Tangu kidato cha kwanza tulienda shule pamoja na kurudi pamoja. Alikuwa mrefu, mwepesi wa kucheka, na alikuwa na tabia ya kusoma kila kitu mpaka mwisho, hata gazeti lililofungiwa nyama. Mimi nilisoma mistari ya juu tu na kuamini nimeshaelewa.

Saiba tuliyoijua ilikuwa nyuma ya duka la sare za shule, karibu na soko. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa papo hapo mjini, na Kiswahili chake kilikuwa cha Nakuru kama chetu. Mbele aliuza sweta na soksi. Ukisogeza pazia ulikuta kompyuta chache zimeelekezwa ukutani, na kiti kimoja kwa kila kompyuta, kwa hivyo sisi wawili tulikalia kimoja, kila mtu na nusu yake. Intaneti ilikuja kwa kusuasua. Picha ya tundra ilikuwa inajichora kutoka juu kushuka chini: kwanza anga, halafu anga tena, halafu, tukiwa tumeshakata tamaa, ukingo mwembamba wa barafu.

Siku ya kwanza tulidhani tumebahatika. Tulipata ukurasa mmoja wenye kila kitu, biomu zote, kila moja na rangi yake, maneno mepesi, picha za wanyama zilizochezacheza. Tulinakili kwa haraka, mimi nikisoma kwa sauti na yeye akiandika. Tulifika kwa tundra, nikasoma kwamba huko kuna dubu weupe na pengwini wanaoishi pamoja kama majirani.

Akainua kalamu. "Ngoja. Pengwini si wako kusini?"

"Imeandikwa hapa."

"Najua imeandikwa. Lakini si wako kusini kabisa, na hao dubu wako kaskazini? Watakutana wapi?"

Nilimwambia aandike tu, muda unaisha. Yeye akachukua kipanya mkononi mwangu, akateremsha ule ukurasa mpaka chini kabisa, mahali ambapo mimi nisingefika. Huko chini kulikuwa na maandishi madogo. Aliyeandika alijitambulisha: yeye ni mwanafunzi wa darasa la sita, katika nchi fulani ya mbali, hii ni kazi yake ya shule, anampenda mbwa wake, na anamshukuru mama yake kwa kumsaidia kuchagua rangi.

Tulitazamana. Tulikuwa tumemnakili mtoto, tena mtoto aliyekuwa anafanya projekti ileile yetu. Rafiki yangu alianza kucheka, mimi nikafuata, tukacheka mpaka kiti kikatuangusha na mzee akachungulia pazia.

"Mnacheka mashine yangu?"

"Hapana, mzee. Tunajicheka sisi."

"Basi chekeni polepole. Huyu hapa anaandika barua ya kazi."

Baada ya hapo tukawa waangalifu. Tulipata ukurasa mwingine uliosema kwamba kando ya Ziwa Nakuru kuna msitu mnene wa mvua usiopenywa na jua. Sisi tuliokuwa tunaliona lile ziwa kila tukipanda juu kidogo tulijua kuna migunga yenye magome ya njano na nyasi, na jua linapenya vizuri sana. Rafiki yangu akateremka tena mpaka chini, na kumbe walikuwa watu wa kutembeza watalii. "Hawa wanauza," alisema. "Watalii wanapenda msitu." Kulikuwa pia na kamusi elezo moja kubwa ambayo mtu yeyote aliweza kuihariri. Kwa jangwa ilitusaidia, lakini juu ya habari za misitu ya kaskazini wenyewe walikuwa wameweka onyo kwamba maelezo haya hayana ushahidi wa kutosha. Nilitaka tufumbe macho. Yeye alisema heri anayekiri hajui, kwa sababu huyo unajua umsome vipi.

Ndiye aliyepata njia mwishowe. "Tundra tuwaulize wenye tundra," alisema. Tukatafuta nchi zenye barafu, na idara zao za serikali za hali ya hewa, na vyuo vikuu vya huko vyenye wataalamu wa udongo. Kurasa zao hazikuwa na picha za kuchezacheza. Zilikuwa na majina ya walioandika, mwaka, na mwisho wa kila ukurasa orodha ndefu ya vitabu. Tukaweka kanuni yetu: jambo lolote lazima lisemwe na watu wawili wasiojuana. Hapo ndipo nilipojifunza neno permafrosti, ule udongo wa chini ambao hukaa umeganda kiangazi na masika, na ambao ndio sababu mizizi ya miti haiwezi kushuka. Nakumbuka nilivyofurahi. Watu wasiojuana, mmoja upande huu wa bahari na mwingine upande ule, na wote wanasema jambo lile lile kuhusu udongo ule ule.

Krismasi ikakaribia. Yeye na dadake walikuwa wanaenda nyumbani Njoro kukaa na wazazi hadi shule ifunguliwe, na kazi ilikuwa haijaisha. Tukagawana: mimi savana na msitu wa mvua, yeye jangwa, misitu ya kaskazini na tundra. Njoro kuna chuo kikuu, na pale kituoni palikuwa na saiba za wanafunzi, kwa hivyo angeweza kuendelea. Tukafungua imeli moja ya kutumia sote, kwa sababu kufungua mbili kulikula muda. Kila mmoja angeandika alichopata na kukituma kwenye anwani hiyohiyo, na mwingine angekikuta humo. Neno la siri tukaweka permafrosti. Hakuna mtu Kaptembwo ambaye angelikisia hilo.

Alipopanda gari la Njoro alinipungia mkono dirishani na kunionyesha vidole viwili, maana yake watu wawili wasiojuana. Nikamwonyesha vyangu.

Halafu ukaja uchaguzi, na yaliyofuata uchaguzi. Sitaeleza mengi. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wameshasimuliwa. Mama alitulea peke yake, mimi na mdogo wangu wa kiume, kwa kuuza nguo za mitumba, na soko lilikuwa limefungwa. Kwa wiki kadhaa hatukwenda mahali. Januari ilipokuwa inaisha mtaa wetu ukawa mbaya, tukahamia kwa binamu wa mama upande wa pili wa mji, tukalala sebuleni kwake pamoja na familia nyingine mbili. Tuliporudi, chumba chetu kilikuwa kama tulivyokiacha, sufuria juu ya jiko na kila kitu. Mama alizunguka akigusa vitu kimoja kimoja. Chumba cha dadake rafiki yangu kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, vumbi limejaa mlangoni.

Kitu nilichokichoka kuliko njaa kilikuwa habari. Habari zilikuja kwa simu, kwa ujumbe mfupi usio na mwenyewe, "tuma kwa watu wote unaowajua." Mara kuna watu wanakuja kwa malori usiku wa leo. Mara maji ya mfereji yametiwa sumu. Siku ya maji, jirani alipita akigonga milango, na mama akanyanyua mtungi wetu kwenda kuumwaga.

"Nani amesema?" nikauliza.

"Watu wote wanasema."

"Watu gani, mama? Kuna mtu amekunywa akaumwa?"

Mama aliniangalia kwa hasira. Kisha akamwangalia mdogo wangu, ambaye alikuwa amekunywa kikombe kizima asubuhi na sasa alikuwa anarusha soksi ukutani na kuidaka. Akaweka mtungi chini. Hatukuumwaga.

Rafiki yangu sikuwa na habari zake tangu Krismasi. Njoro ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia mapema. Simu ya babake haikupatikana. Mwanzoni nilijaribu kila nilipopata kredo ya simu, ambayo kwanza haikuwa ikipatikana madukani, halafu nikawa naogopa kujaribu, nisije nikaisikia tena ile sauti ya mwanamke anayekwambia mteja hapatikani.

Siku moja mwanzoni mwa Februari, mama alirudi kutoka kununua maziwa na hakuvua leso kichwani. Alikaa kwenye stuli. Mwanamke anayetuuzia maziwa alikuwa amemwambia kwamba ile familia ya Njoro, ya yule rafiki yangu mrefu, nyumba yao imechomwa, na yule msichana wa sekondari ameaga dunia.

Sikumbuki nilifanya nini mara moja. Nakumbuka nilikuwa nakwaruza masizi ya sufuria na niliendelea kukwaruza. Mama alinishika mikono ili niache. Nililia mpaka mdogo wangu naye akalia bila kujua sababu. Usingizi sikupata. Asubuhi nilimwambia mama nataka kumwona mama wa maziwa.

"Utaenda kujiumiza, mum," mama alisema. Ndivyo alivyoniita alipotaka kunibembeleza.

"Nataka kujua amejuaje."

Alinitazama kidogo, akajifunga leso, tukaenda wote.

Mama wa maziwa alikuwa na kibanda karibu na stendi ya boda boda. Alipotuona alianza kutupa pole. Mama akamshukuru, halafu akamwuliza kwa upole, "Mathe, hiyo habari ulipewa na nani?"

"Ni shemeji yangu. Yeye ndiye hutuletea maziwa kutoka huko. Anapita pale kwao kila siku."

"Yuko?"

"Anakuja sasa hivi."

Tulimngoja. Alikuja na baiskeli, mitungi ya plastiki imefungwa nyuma kwa mpira, mwanamume mwenye macho mekundu kama mtu ambaye hajalala kitandani kwa muda. Mama wa maziwa akamwambia sisi ni nani. Nilisimama mbele yake, lakini mama ndiye aliyeuliza.

"Ndugu, tunasikia ulisema yule msichana amekufa."

Akashtuka. "Mimi? Mimi sikusema amekufa. Nilisema sijawaona."

"Na nyumba?"

"Nilisema nimeona moshi upande ule. Sikufika kwa boma, nani angefika siku hizo? Moshi ulikuwa mwingi. Unaweza kuwa nyumba, unaweza kuwa ya jirani, unaweza kuwa nyasi za ng'ombe. Moshi ni moshi."

"Na hii ilikuwa lini?" Sasa niliuliza mimi.

Akafikiri. "Mapema. Mwaka mpya hivi. Tangu hapo boma liko kimya. Hakuna mtu."

Mama wa maziwa akaweka mkono mdomoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesikia "sijawaona" na "moshi," na kati ya masikio na mdomo wake, katika mwezi kama ule, maneno hayo yalikuwa yamekua yenyewe. Alianza kutuomba msamaha na mama akamzuia. Tulipokuwa tunarudi mama alinishika kiwiko.

"Boma liko kimya," nikasema.

"Boma likiwa kimya maana yake waliondoka. Walioondoka wana miguu. Tungoje."

Haikuwa furaha bado. Lakini jana yake nilikuwa nimesimama juu ya kitu kisichokuwepo, na sasa nilijua tunachojua: moshi upande ule, mapema Januari, na watu hawajaonekana. Usiku huo nililala.

Duka la sare lilifunguliwa wiki hiyohiyo. Nilipita nikaona mzee amepandisha mlango wa chuma nusu, kama watu wengi walivyofanya wakati ule, ili waweze kuuteremsha upesi. Niliinama nikaingia. Alikuwa ameketi mbele ya rafu zake za sweta, na aliponiona akasimama.

"Wewe! Uko sawa? Nyumbani?"

"Tuko sawa, mzee. Na wewe?"

"Tupo. Mungu yuko." Akaangalia nyuma yangu, kule mlangoni. "Na yule mwingine? Yule wa kuanguka na kiti?"

"Sijui."

Alisogeza pazia, akawasha kompyuta moja, akavuta na kiti. Nilimwambia nimekuja kwa ajili ya projekti, na ilikuwa kweli. Shule ilikuwa inafunguliwa wiki iliyofuata, na nilifikiri nitaandika sehemu yangu ya savana na kuituma mle tulimokubaliana, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya kwa mikono yangu. Nikaandika anwani, nikaandika permafrosti, nikangoja. Ukurasa ukaanza kushuka.

Tulikuwa na ujumbe mpya.

Ulikuwa mwingi. Kwa kuwa anwani ilikuwa moja, kila ujumbe ulionekana umetoka kwetu kwenda kwetu, na kwa dakika nzima sikuelewa ninachokiona. Nilidhani labda ni yale tuliyotuma Desemba. Kisha nikaangalia tarehe. Ujumbe wa juu kabisa ulikuwa wa juzi. Kichwa chake kiliandikwa kwa herufi kubwa: TUNDRA, SOMA HII KWANZA.

Nilibofya mahali pengine mara mbili kabla sijaupata. Ulipofunguka nilisoma mstari wa kwanza, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikasoma kitu polepole mpaka mwisho, mpaka kitone cha mwisho.

Waliondoka Njoro siku moja baada ya mwaka mpya, wote, kwa lori la jirani, hata nyanya yao. Walikuwa Nairobi kwa shangazi, watu wengi chumba kimoja, lakini wazima. Simu ya baba ilipotea njiani pamoja na namba zote. Chini ya nyumba ya shangazi kulikuwa na saiba, na mwenyewe alimruhusu aingie mchana ikiwa hakuna wateja. Alikuwa anakuja kila alipopata nafasi kuangalia kama nimeandika. "Hapa wanasema Kaptembwo yote imeisha, hakuna aliyebaki," aliandika. "Nimeuliza nani amesema. Hakuna mtu anajua ni nani amesema. Kwa hivyo sijaamini. Lakini andika haraka." Halafu mstari mtupu, halafu tundra, aya tatu safi, na chini yake kurasa mbili za wenye barafu, na mwaka zilipoandikwa.

Nikafungua nyingine, nikirudi nyuma. "Uko?" ilisema moja. "Uko wapi, mko sawa?" ilisema nyingine. Iliyotangulia zote ilikuwa na neno moja tu, "sasa," ile salamu yetu ya kila asubuhi langoni, imetumwa mwanzoni mwa Januari na kukaa humo ikiningoja.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Mzee alikuja mbio akidhani mashine imenirusha kwa umeme.

"Yuko hai," nikamwambia. "Ameandika. Yuko Nairobi."

Mzee akavuta miwani yake kutoka mfukoni, akainama kwenye skrini, akasoma naye. Alifika kwenye tundra akaendelea kusoma, mpaka mahali pa udongo ulioganda, akitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesoma habari njema. Kisha akasema, "Mjibu. Mjibu sasa hivi, stima isije ikapotea mashine zikazimika." Akarudi mbele, na nilimsikia akipenga kamasi.

Nilijibu. Niliandika vibaya, kwa herufi zilizorukana, kwamba tuko wazima, chumba kipo, kufuli la dada yako lipo, mama anakusalimu ingawa mama alikuwa hajui bado. Niliandika na savana yangu yote kwa mpigo, huku machozi yanashuka kwenye vitufe. Kisha nikakimbia. Mama alikuwa amerudi sokoni siku hizo, ametandaza mitumba yake juu ya turubai. Aliniona nikija mbio na uso wake ukabadilika, kwa maana watu waliokimbia wakati ule hawakuwa na habari nzuri.

"Yuko hai!" nikapaza sauti kabla sijamfikia. "Mama, yuko hai, wote!"

"Nani amesema?" mama akauliza, tena kwa ukali.

"Yeye mwenyewe!"

Mama akaketi juu ya nguo zake. Alicheka na kujifunika uso kwa blauzi ya mtu, na wenzake wa pembeni, ambao hawakujua tunamzungumzia nani, nao wakaanza kusema asante Yesu, kwa sababu mtu kuwa hai lilikuwa jambo la kushukuriwa bila kuuliza ni mtu yupi.

Tangu siku hiyo tulifanya kazi yetu kwa imeli. Yeye alinitumia misitu ya kaskazini, mimi nikamtumia msitu wa mvua. Tuligombana kuhusu nyumbani kwao: ramani moja ya dunia ilipaka Kenya yetu karibu yote rangi moja ya savana, na yeye akasema yeyote aliyechora hajawahi kukanyaga Njoro asubuhi ya Julai, kuna baridi, kuna msitu wa Mau juu yao. Tukatafuta mpaka tukapata mtaalamu mmoja wa mimea ya milima ya Afrika Mashariki aliyekubaliana naye, na mwingine tena. Katikati ya ugomvi huo alinipa habari za nyumbani, kidogo kidogo. Babake alikuwa amerudi kuangalia. Nyumba ilikuwa imesimama, milango imeng'olewa. Kilichoungua kilikuwa ghala la nyasi kavu. Ng'ombe wawili walikuwa wamepatikana kwa jirani, wamenenepa.

Shule ilipofunguliwa madawati mengi yalikuwa wazi. Mwalimu wa jiografia alisoma majina kwenye rejista, na kila lilipotajwa jina na kukawa kimya aliinua macho akangoja kidogo, kisha akaenda kwa jina lingine. Hakuuliza maswali yake. Alipofika kwa rafiki yangu nikasimama.

"Yuko Nairobi, mwalimu. Yuko salama. Atarudi."

Alinitazama juu ya miwani. Nilidhani hatauliza. Akauliza, kwa sauti ndogo sana. "Nani amesema?"

"Yeye mwenyewe, mwalimu. Aliniandikia jana."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa, akaivua tena. "Vizuri," alisema. "Vizuri sana. Kuna mwingine ana habari za mtu? Habari za kujua, si za kusikia." Mkono mmoja ukainuka, halafu mwingine, watu wakaanza kusema: fulani yuko kwa nyanyake, nimeongea naye, fulani yuko Karagita, ndugu yangu amemwona. Hakufundisha chochote kipindi hicho. Aliandika pembeni mwa majina mpaka kengele ikalia.

Tuliwasilisha projekti kwa jina la watu wawili, mmoja akiwa mbali. Alama zake zilikuwa nzuri, na pembeni mwa sehemu ya Njoro mwalimu aliandika kwa wino mwekundu kwamba ameshawishika.

Rafiki yangu alirudi muhula wa pili ulipoanza, na dadake, na begi moja. Sweta yake mpya mzee wa saiba alikuwa amemtolea kwenye rafu na kukataa kusikia neno. Kufuli la dadake lilikuwa limeshika kutu na fundi alikuwa bado hajafika, kwa hivyo nilimchukua kwetu. Mama aliweka maji ya chai. Tuliketi kitandani, na mimi nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia hata sikujua nianzie wapi, nikaanza na shule, nani amerudi, nani bado, mwalimu gani ameolewa. Nilipogeuka alikuwa amelala, ameegemea ukuta, mdomo wazi kidogo, viatu miguuni.

Mama alikuja akamvua viatu, akamlaza vizuri na kumfunika leso yake. "Mwache," alininong'oneza. "Ongea polepole." Nje wingu lilikuwa limeshuka juu ya Menengai na matone ya kwanza yalikuwa yanapiga mabati. Nikatoka kuanua nguo.